Geuza Muhuri Kwanza

Muhuri wa risasi wa Bizanti ni kidude cha upana wa kizibo cha soda, wakati mwingine kidogo zaidi. Rangi yake ni ya majivu, kingo zake zimepasuka, na ukiukuta ndani ya kabati la makumbusho, katikati ya vitu vya dhahabu na pembe za ndovu, utaupita bila kusimama. Nakuomba usimame. Nawaandikia wanaoipenda historia: mwanafunzi, katekista, mwalimu wa madrasa, mtu aliyebahatika kupata safari ya Istanbul, London au Washington, na yule asiye na safari yoyote ila ana simu yenye intaneti. Nataka kukuonyesha namna ya kuutazama muhuri huo mpaka uongee. Shauri langu kubwa ni moja, na nitalirudia: usiridhike na upande mmoja. Geuza. Uso wa kaisari ulio upande huu haujakamilika maana mpaka umjue aliye mgongoni mwake.

Bizanti ni jina ambalo watu wa dola hii walipachikwa na wanahistoria baadaye. Wenyewe walijiita Warumi, na makao ya dola yao yalikuwa Konstantinopoli, mji uliozinduliwa mwaka 330 na kutekwa na Waturuki wa Osmani mwaka 1453. Msomaji Mwislamu anawajua tayari, kwa kuwa ndio Warumi wa sura ya 30 ya Qurani, na kaisari wao Heraclius ndiye Hirakli aliyepelekewa barua na Mtume Muhammad. Hadithi iliyopokewa kwa Anas inaeleza kwamba Mtume alipotaka kuwaandikia Warumi aliambiwa kuwa watu hao hawasomi barua isiyopigwa muhuri, naye akatengenezesha pete ya fedha iliyochorwa jina lake. Shika kisa hicho unapotazama vipande hivi vya risasi. Katika dola ile barua bila muhuri ilikuwa kama salamu iliyoletwa na mtu asiyejulikana, huna wa kumuuliza.

Kabla hujaanza kusoma picha, jifunze muhuri ulivyopigwa. Kuna njia rahisi ya kujifunza hata jikoni kwako, na nakusihi uijaribu kwa sababu itakufundisha zaidi ya kurasa nyingi. Kata vipande viwili vya sabuni ya mche. Kwenye kimoja chonga kwa ncha ya kisu herufi mbili za jina lako, kwenye kingine chonga msalaba, nyota au chochote unachokipenda. Kanda unga wa ngano kidogo uwe mgumu, fanya kidonge, kitoboe kwa njiti ya kiberiti kutoka ukingo hadi ukingo na upitishe uzi katika tundu hilo. Sasa kiweke kidonge kati ya vile vipande viwili vya sabuni, ubane kwa nguvu.

Utakachokiona ndicho kilichotokea Konstantinopoli. Karani alikuwa na koleo la chuma lenye midomo miwili, kila mdomo umechorwa nakshi yake kinyumenyume. Kisahani cha risasi kilikuwa kimesubiwa kwenye kalibu, kikiwa na mfereji mwembamba unaokipasua tumboni. Barua ilikunjwa, ikafungwa kwa kamba, ncha za kamba zikapitishwa kwenye mfereji ule, kisahani kikawekwa kati ya midomo ya koleo, na nyundo ikashuka mara moja. Risasi ni laini, hivyo ilipokea picha pande zote mbili kwa wakati mmoja na kuibana kamba isichomoke. Aliyetaka kuifungua barua alilazimika kuikata kamba. Hati kuu za kaisari zilistahili muhuri wa dhahabu, lakini kwa shughuli za kila siku, kuanzia kaisari mwenyewe hadi mkuu wa monasteri ya mbali, madini yalikuwa risasi.

Sasa kitazame kidonge chako cha unga. Herufi zako zimegeuka, kama hukukumbuka kuzichonga kinyume. Picha moja pengine imekaa vizuri katikati na nyingine imekimbilia pembeni. Njia ya uzi imeacha tuta au bonde linalokatiza uso. Mihuri halisi ina hali hiyohiyo, na mgeni huidhani kuwa imeharibika. Ukimkuta kaisari amekatwa sikio na taji kwenye ukingo, jua kwamba karani alikuwa na barua nyingi asubuhi ile na kisahani kikateleza. Ukiona ufa ulionyooka kutoka juu hadi chini, huo ndio mfereji wa kamba, mahali risasi ilipokuwa nyembamba kuliko kwingine.

Jambo la pili ni mwanga. Taa ya juu huifanya risasi ionekane kama kokoto. Mwanga unaotoka kando, karibu sawa na meza, huinua kila mstari wa nakshi kwa kivuli chake. Ukiwa makumbusho hutaruhusiwa kumulika, kwa hiyo sogeza kichwa chako wewe: piga magoti kidogo, tazama kutoka kushoto, kisha kulia, na ghafla utaona pua, halafu jicho, halafu shanga zinazoning'inia kwenye taji. Ukitazama picha mtandaoni na uso ukaonekana umezama badala ya kutokeza, izungushe picha juu chini kisha uirudishe. Jicho hujirekebisha.

Baada ya hapo soma kwa utaratibu huu. Kwanza tafuta mfereji wa kamba ili ujue kilichovunjika na kisichovunjika. Pili tazama picha. Tatu maandishi. Nne geuza, urudie. Mwishoni ujiulize swali ambalo kwangu ndilo kiini cha kazi yote: nani amewekwa na nani?

Tuchukue mihuri ya makaisari, maana hapo swali hilo linajibiwa kwa sauti kubwa. Justinian I, aliyetawala kuanzia 527 hadi 565 na kujenga Hagia Sophia, yuko upande mmoja akitutazama moja kwa moja. Geuza, na utakutana na Ushindi, kiumbe mwenye mabawa, ameshika shada mkono huu na shada mkono ule. Huyu ni mgeni kutoka Rumi ya kale, mungu wa kike ambaye Wakristo walimvumilia mpaka akaanza kufanana na malaika. Ujumbe wake ni wa kijeshi: kaisari hushinda. Sogea miaka michache hadi mihuri ya Maurice, aliyetawala kuanzia 582 hadi 602. Ushindi ameondoka. Mahali pake yuko Bikira Maria, ameshika mbele ya kifua chake kibao cha duara chenye Kristo. Kaisari bado anashinda, ila sasa anatuambia ushindi wake unatoka wapi. Watu wa Konstantinopoli waliishika imani hiyo kwa dhati. Mji ulipozingirwa na Waavari mwaka 626 na kuokoka, walimshukuru Mama wa Mungu kama mlinzi wa kuta zao.

Hatua iliyofuata naiona kuwa ya ujasiri kuliko zote, na ilionekana kwanza kwenye sarafu ya dhahabu. Justinian II, katika utawala wake wa kwanza wa 685 hadi 695, alimweka Kristo mwenyewe upande wa mbele, yeye akahamia nyuma, amesimama, na pembeni maneno ya Kilatini ya kumtaja kuwa mtumishi wa Kristo. Mwaka 692 mtaguso uliokutana katika jumba la kaisari uliagiza kwamba Kristo achorwe kwa umbo la mtu badala ya mwanakondoo, na wataalamu wengi huyasoma mambo hayo mawili pamoja. Haikupita miaka mingi, huko Dameski khalifa Abd al-Malik akaondoa picha zote kwenye dinari, yakabaki maneno matupu ya kumpwekesha Mungu. Watawala wawili majirani, muongo uleule, waliulizwa swali moja na historia: nguvu za mtawala zithibitishwe kwa sura au kwa neno? Jibu la Dameski lilisafiri mbali mpaka likafika kwetu. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, karne nyingi baadaye, hazina sura ya mtu. Zina jina la sultani na maneno ya kumtegemea Mungu, na mara nyingi upande mmoja una kina na upande wa pili. Hata huko ukisoma upande mmoja umepoteza nusu ya ubeti.

Kisha akaja Leo III, aliyeshika kiti mwaka 717, na hapa ningependa ukae muda mrefu. Mihuri yake ya mwanzo bado ina Bikira Maria na Mtoto. Mwaka 720 alimtawaza mwanawe Constantine kuwa mwenziwe, na katika mihuri iliyotolewa kwa majina ya wote wawili utakuta msalaba umesimama juu ya ngazi, umezungukwa na maneno "Kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu". Geuza: hakuna uso wa kaisari. Kuna mistari ya maandishi tu inayowataja baba na mwana kuwa wafalme waaminifu wa Warumi. Sura zote mbili, ya mbinguni na ya duniani, zimeondoka.

Tunajua kilichofuata. Kuanzia takriban 730 heshima kwa picha takatifu ilipigwa marufuku, ikarudishwa na Mtaguso wa Pili wa Nikea mwaka 787, ikakatazwa tena 815, na ikarudi moja kwa moja mwaka 843. Msomaji mwenye haraka ataushika muhuri wa Leo na kusema, huyu hapa mvunja picha. Nakushauri usiseme hivyo upesi. Msalaba juu ya ngazi uliingia pia kwenye sarafu mpya ya fedha mwaka uleule wa 720, miaka kama kumi kabla ya marufuku, na watu walikuwa wametoka tu katika mzingiro mkali wa Waarabu wa 717 na 718. Msalaba ulikuwa bendera ya ushindi tangu enzi ya Constantine Mkuu, na waliopinga picha na waliozitetea waliuheshimu wote. Kwa hiyo muhuri wenye msalaba peke yake unakuambia mmiliki alichokichagua. Alichokichukia huwezi kukisoma humo. Zaidi ya hapo, msalaba wa ngazi uliendelea kupigwa na watu wa kawaida katika karne ya 9 na ya 10, picha zikiwa zimesharudi makanisani, safari hii mara nyingi ukiwa na mikono miwili na majani yanayochipua chini yake.

Mtazame sasa Michael III, mtoto aliyekuwa kwenye kiti picha ziliporudi mwaka 843, mama yake Theodora akishika hatamu kwa niaba yake. Kwenye mihuri yake Kristo yupo, kichwa na mabega, mkono ukibariki. Tangu hapo, kwa karne nyingi, ukigeuza muhuri wa kaisari karibu kila mara utamkuta Kristo. Kwanza ni kichwa na mabega, baadaye, kama kwa Alexios I Komnenos mwishoni mwa karne ya 11, ameketi kwenye kiti cha enzi huku kaisari amesimama. Hebu liangalie hilo. Katika jumba lake, watu ndio waliosimama mbele ya kaisari. Kwenye muhuri, kaisari ndiye anayesimama.

Ukishajua nani yuko mgongoni, rudi mbele uitazame mikono ya kaisari. Sura yake isikushughulishe sana. Makaisari hawakukaa mbele ya mchonga koleo ili wachorwe walivyo. Ndevu huonyesha utu uzima, na kutokuwa na ndevu huonyesha mwana au mtawala mwenza, ingawa wapo wachache waliotoka na alama yao, kama Constans II, ambaye ndevu zake kwenye sarafu zilirefuka mpaka zikafunika kifua. Mikono ndiyo inayosema. Tufe lenye msalaba juu yake ni ulimwengu chini ya Kristo, naye kaisari ameukabidhiwa. Fimbo yenye kitambaa cha mraba ni labaro, bendera ya vita ya Wakristo, ambayo mapokeo huirudisha kwa Constantine Mkuu na vita vya mwaka 312 nje ya Roma. Na kile kitita chembamba kama mkunjo wa karatasi, ambacho wengi hudhani ni barua, ni akakia: mfuko wa hariri ya zambarau uliojazwa vumbi, ulioshikwa kwenye sherehe ili mtawala akumbuke kwamba atakufa. Sijui alama nyingine ya ufalme inayonigusa kama hiyo.

Mavazi nayo yana habari. Utepe mpana wenye vito unaozunguka mwili wa kaisari na kuangukia mkononi huitwa loro, na ulivaliwa hasa siku ya Pasaka. Kitabu cha Sherehe kilichokusanywa chini ya Constantine VII katika karne ya 10 kinaueleza utepe huo kwa kuulinganisha na sanda ya Kristo. Kaisari aliyevaa loro, kwa hiyo, amevaa kaburi na ufufuko kwa pamoja. Geuza, na Kristo mwenyewe yuko nyuma yake.

Watu wa zama zile walizisoma alama hizi kwa makini kuliko tunavyodhani. Isaac I Komnenos, jenerali aliyeshika ufalme mwaka 1057, alitoa sarafu ya dhahabu akiwa ameinua upanga uliochomolewa mahali ambapo wenzake walishika labaro. Liliwakera watu. Waandishi wa wakati huo waliona ni majivuno, kana kwamba ufalme ameupata kwa mkono wake na si kwa Mungu. Kitu kimoja tu kilibadilishwa mkononi, na mtu wa sokoni alikiona.

Usiishie kwa makaisari. Makumi ya maelfu ya mihuri iliyobaki ni ya watu wengine: majenerali, mahakimu, maaskofu, watawa, wake wa wakubwa waliokuwa na mali zao wenyewe. Hapa Ukristo wa muhuri unakuwa wa mtu binafsi. Katika karne ya 8 na ya 9 utakutana sana na msalaba uliotengenezwa kwa herufi, zimepandana kwenye mikono yake kama ndege kwenye matawi. Ni sala: "Bwana, msaidie" au "Mama wa Mungu, msaidie". Katika nafasi nne kati ya mikono ya msalaba yamegawanywa maneno "mtumishi wako". Geuza, na utalipata jina na cheo. Sentensi moja imekatwa vipande viwili: nyuma na mbele, sala na mwenye sala. Anayesoma upande wa jina tu hupata orodha ya maofisa. Anayesoma pande zote mbili humsikia ofisa wa ushuru akiomba msaada kabla ya kutuma hesabu zake.

Kujua Kigiriki chote si lazima. Jifunze vitu vichache. IC XC ni herufi za kwanza na za mwisho za jina Yesu Kristo kwa Kigiriki, na MP ΘΥ ni Mama wa Mungu. Kistari kidogo juu ya herufi kinamaanisha neno limefupishwa. S ya Kigiriki kwenye mihuri huandikwa kama C, herufi B mara nyingi inafanana na R, na OY huandikwa kwa kupandisha herufi moja juu ya nyingine ikaonekana kama namba 8. Ukishayazoea hayo kwa jioni mbili tatu utaanza kutambua vyeo, na cheo ndicho kitakachokusaidia kuliko jina. Yohane walikuwa wengi mno. Kwa hiyo ukipata muhuri wa Yohane fulani, usimkimbilie Yohane unayemjua vitabuni. Angalia cheo chake na mahali alipofanya kazi. Kuanzia karne ya 11 majina ya ukoo yanaongezeka, na kazi inakuwa nyepesi.

Baada ya picha takatifu kurudi, watakatifu nao walijaa kwenye mihuri. Bikira Maria anaongoza, na hakuna anayemkaribia: mara ameinua mikono akiomba, mara amemshika Mtoto upande wa kushoto. Wanaofuata ni akina Mtakatifu Nikolasi, Malaika Mkuu Mikaeli, Mtakatifu Georgi, Theodore na Demetrios. Askari walipenda watakatifu askari. Wengine walichagua mtakatifu wa jina lao, na askofu aliweza kumchagua msimamizi wa mji wake. Ukimjua mtakatifu, una dokezo kuhusu mtu, ila lichukue kama dokezo.

Mihuri mingi haina tarehe. Kuna kundi moja lenye tarehe ya aina yake, na ni mahali pazuri pa kujipima. Katika karne ya 7 na ya 8 maofisa walioitwa komerkiario, wasimamizi wa maghala ya dola, walipiga mihuri yenye picha ya kaisari pamoja na namba. Namba hiyo ni mwaka katika mzunguko wa kodi wa miaka 15, uitwao indiktio, na mwaka wenyewe ulianza tarehe 1 Septemba. Namba peke yake haitoshi, maana kila baada ya miaka 15 inarudi. Lakini ukimtambua kaisari kwenye picha, nawe unajua miaka ya utawala wake, mara nyingi mwaka unabaki mmoja tu. Mfano: picha ya Justinian II na namba 8. Katika utawala wake wa kwanza namba hiyo iliangukia mara moja, kuanzia Septemba 694 hadi Agosti 695.

Mwaka huo nimeuchagua kwa makusudi. Ipo mihuri ya indiktio hiyo, ya ofisa mmoja aitwaye Georgios, inayotaja watumwa Waslavi katika majimbo ya Asia Ndogo. Wataalamu bado wanabishana kama walikuwa wafungwa waliouzwa, waliopewa ardhi au waliopelekwa jeshini. Mimi jambo hili hunisimamisha kila ninapolifikiria: kaisari yule aliyejiita mtumishi wa Kristo kwenye dhahabu, picha yake ndiyo dhamana kwenye risasi inayotaja watumwa. Unaposoma alama za imani usizitenge na shughuli zilizokuwa zinatiwa muhuri. Sisi wa pwani hii, tulio na historia yetu ya maghala na misafara, tuna macho ya kuliona hilo.

Sasa suala la kununua, kwa sababu najua litakuja. Mihuri hii inauzwa mitandaoni kila siku, mingine kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kuimudu, na utashawishika. Shauri langu ni usinunue. Sababu ya kwanza ni ya kisheria: katika nchi nyingi inakotoka ni mali ya taifa, Uturuki ikiwa mojawapo kwa sheria ya mwaka 1983, na wewe hutajua umeshika nini. Sababu ya pili inahusu kusoma kwenyewe, na ndiyo inayoniuma zaidi. Muhuri haubaki kwa aliyeupiga. Unabaki pale barua ilipofunguliwa. Barua zenyewe karibu zote zimeoza au kuungua, lakini risasi iko pale, kwa hiyo mahali unapookotwa ni anwani ya mpokeaji. Mihuri iliyopatikana Preslav, mji mkuu wa zamani wa Wabulgaria, inatuonyesha nani wa Konstantinopoli aliandikiana na jirani yake wa kaskazini. Ile ya Cherson katika Krimea inatuchorea njia za bahari. Na hapa barani kwetu, udongo wa Carthage, katika Tunisia ya leo, umetoa mihuri mingi ya wakati Bizanti ilipotawala huko, kabla Waarabu hawajauchukua mji moja kwa moja mwaka 698. Heraclius mwenyewe alitweka tanga kutoka Carthage kwenda kumwondoa kaisari Phocas mwaka 610. Mchimbaji wa usiku mwenye kifaa cha kutafutia madini anapoung'oa muhuri na kuuingiza mfukoni, anwani hiyo imefutika, na hakuna fundi wa kuirudisha. Sala imebaki, jina limebaki, aliyeandikiwa amepotea.

Huenda umeshaurithi mmoja, kutoka kwa mzee aliyefanya kazi Uturuki au Misri zamani. Basi uutunze. Usiusugue kwa ndimu, siki, dawa ya kung'arishia vyombo wala mswaki. Ile ngozi ya kijivu ndiyo iliyoilinda nakshi kwa miaka elfu. Usiuweke kwenye kisanduku cha mbao au cha katoni ya kawaida, kwa sababu mbao, hasa za mwaloni, hutoa mvuke wa asidi unaoigeuza risasi kuwa unga mweupe, na unga huo ukianza hula nakshi yote. Kijiboksi cha plastiki ngumu mahali pakavu kinafaa. Risasi ni sumu, kwa hiyo watoto na wajawazito wasiishike, nawe unawe mikono baada ya kuigusa. Upige picha pande zote mbili kwa mwanga wa kando, andika kila unachokumbuka kuhusu ulikotoka, hata kama ni maneno ya marehemu babu tu, kisha uwaulize watu wa makumbusho ya taifa lako namna ya kuendelea.

Kwa wengine wote kuna chuo cha bure. Dumbarton Oaks huko Washington, taasisi ya Chuo Kikuu cha Harvard, ina mihuri takriban 17,000, mkusanyo mkubwa kuliko wote duniani, na imekuwa ikiiweka mtandaoni pamoja na picha za pande zote mbili, maandishi yaliyosomwa na tafsiri. Fanya hivi: ifunge tafsiri kwa kiganja chako, tazama picha peke yake, andika kwenye daftari unachokiona, hata kama ni "mtu, ndevu, kitu cha duara mkononi". Ndipo uondoe kiganja ujisahihishe. Mihuri mitatu kwa usiku inatosha.

Anza na Leo III. Tafuta muhuri wake wa mwanzo, ule wenye Mama na Mtoto, kisha ule wa baadaye wenye msalaba juu ya ngazi, uiweke kando kwa kando kwenye kioo cha simu yako. Halafu tazama mahali mfereji unapotokea ukingoni. Kwenye baadhi ya mihuri, ndani ya tundu hilo, bado kuna nyuzi chache za ile kamba, nyeusi, fupi, zimekatwa na mtu aliyekuwa na hamu ya kujua barua inasema nini.